Bunduki huzeeka lini?

Katika vijitabu vya chama chetu tumezoea kusoma habari za mahari, za ngoma, za majina ya koo na za namna ya kuzika wazee. Safari hii tunaomba ruhusa ya wasomaji kuleta mezani kitu ambacho wengi wetu hatupendi hata kukitaja tukiwa nyumbani: bunduki. Hatusemi zile ambazo mlio wake tunaujua. Tunasema za zamani, za wakati wa babu za babu zetu, pamoja na vitu vinavyoandamana nazo: singe, mikanda, kofia nyekundu, vibuyu vya baruti, medali, maganda ya risasi. Je, watu wanaojiita wapenzi wa mila wanapashwa kuvikusanya na kuvitunza? Au ni heri viozee ardhini?

Swali hili halikutoka katika vitabu. Kila mara tunapoongea juu ya kuwa siku moja na chumba cha vitu vya kale, wenzetu wanataja vyombo vya maziwa, vikapu, ngoma, kiti cha mzee. Kisha mmoja anakohoa kidogo na kuuliza: na vile vya vita? Kwao kuna singe ambayo mama anakatia majani ya migomba. Kwa mwingine kuna kofia iliyoliwa na nondo, ya babu aliyekuwa Force Publique. Na kuna yule anayeshusha sauti kwanza: «Kwetu iko mu dari, lakini haipigi tena.» Hapo mwingine anamrukia: «Hapa Bunagana munatafuta tena bunduki ya kuangalia? Hamujaziona za kutosha?»

Jibu hilo ni la haki. Mji wetu mdogo chini ya mlima Sabinyo ni mji wa duane na wa soko, lakini walio mbali wanaujua kwa vita tu. M23 iliingia hapa mwezi wa saba 2012, jeshi la taifa likarudi mwisho wa mwezi wa kumi 2013, M23 ikauchukua tena tarehe 13 mwezi wa sita 2022. Kila mara watu walivuka kwenda upande wa Uganda na magodoro kichwani. Mtu aliyelala na watoto wake katika kambi ya Nyakabande, karibu na Kisoro, humwambii kirahisi kwamba bunduki ni urithi. Anayetaka kuzungumza juu ya jambo hili aanze kwa kumheshimu mtu huyo, na asimchukue kuwa mjinga asiyejua thamani ya vitu vya kale.

Lakini tusikimbilie jibu. Duniani kuna watu wengi, wala si watu wa vita, wanaokusanya silaha za kale kwa mapendo makubwa. Ukienda Ubelgiji, mjini Brussels kuna makumbusho ya jeshi katika bustani ya Cinquantenaire, na Liège, mji wa wahunzi wa bunduki, una mkusanyo wa silaha unaojulikana mbali. Tena kuna watu binafsi ambao nyumba zao zimejaa. Wanajua kila parafujo. Wanatafuta alama ndogo iliyogongwa kwenye mtutu: Liège kila mtutu ulipashwa kujaribiwa kwa baruti nyingi kabla ya kuuzwa, na uliofaulu ukapigwa muhuri wa herufi ELG ndani ya duara kama yai. Kwa alama hiyo, na kwa namba, mkusanyaji anaweza kukuambia bunduki ilitoka kwa fundi gani, na mara nyingine mwaka gani. Hatuwacheki watu hao. Usahihi wao ni usahihi tunaowaomba wanafunzi wetu kila siku bila kuupata.

Tuchukue bunduki moja iliyotembea kweli katika nchi yetu. Inaitwa Albini-Braendlin. Ubelgiji iliipokea kwa askari wake mwaka 1867. Ilikuwa ndefu, nzito, ya kupiga risasi moja moja: unafungua kifuniko juu ya mtutu, unatia risasi, unafunga, unapiga, unaanza tena. Baruti yake ilikuwa nyeusi, kwa hiyo kila aliyepiga alijionyesha kwa moshi wake mwenyewe. Ubelgiji ilipoamua kubadilisha silaha mwaka 1889, kiwanda cha FN kikaundwa Herstal, karibu na Liège, ili kitengeneze bunduki 150 000 za Mauser kwa jeshi la huko. Na Albini zilizostaafu? Zikaja kwetu. Askari wa Force Publique ndiye aliyezibeba, na mwaka 1914 wengi wao walikuwa bado nazo.

Hapo kuna jambo la kufikiri kwa wale wanaosema «bunduki ya kale» kana kwamba ukale ni sifa ya chuma. Tarehe 2 mwezi wa saba 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi Brussels mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Ndani ya mkataba huo kulikuwa na vifungu vya silaha: kati ya digri 20 kaskazini ya ikweta na digri 22 kusini, bunduki mpya zenye mtutu wa mifereji zisiuzwe kwa wenyeji. Zilizoruhusiwa ni zile za gumegume, zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya biashara. Maana yake, kile ambacho Ulaya kilikuwa tayari ni kitu cha makumbusho, Afrika kilikuwa bado ni bidhaa. Tusiseme kwamba nia yote ilikuwa mbaya, maana bunduki mikononi mwa wafanyabiashara ya watu zilikuwa zimeangamiza vijiji vya Maniema na vya kando ya Tanganyika. Lakini matokeo yake tunayaona. Mzungu alikuwa na bunduki ya mwaka huo, na mwenyeji akaachiwa ya babu yake Mzungu. Kitu kimoja, siku moja, kilikuwa kizee Liège na kipya Rutshuru.

Kwa hiyo tunapouliza kama tukusanye, tunauliza pia: kizee kwa nani?

Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ina jibu lake: bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ni kitu cha kale, na haihesabiwi sawasawa na silaha nyingine. Ni jibu safi, la karani. Mwaka unaandikwa, mambo yamekwisha. Huko labda linatosha. Kwetu gobori linaloshindiliwa kwa mdomo, namna ileile ya mwaka 1850, lingali linatengenezwa na wahunzi kwa bomba la chuma, nalo linaua nyani shambani, na likielekezwa kwa mtu linamwua mtu. Ukilihukumu kwa umbo lake ni la makumbusho, ukilihukumu kwa kazi yake ni la leo asubuhi.

Tuje sasa kwa vitu vidogo, sababu ndivyo vinavyopatikana zaidi. Tuseme mtu analima, jembe linagonga kitu, anatoa ganda la risasi la zamani, limekuwa kijani kwa kutu. Anaweza kuliona kama pambo. Wakusanyaji wengine wana sanduku zima za maganda, kila moja na karatasi yake: kipimo, kiwanda, mwaka. Lakini katika nchi hii, wakati wa Leopold II, ganda la risasi lilikuwa na hesabu nyingine. Katika sehemu za mpira, zaidi huko Ekwateri, askari alipashwa kuonyesha kwamba risasi aliyopewa haikupotea bure kwa kuwinda wanyama, na ushahidi uliotakiwa ulikuwa mkono wa kuume wa mtu. Askari aliyewinda nyama kwa risasi ya Leta alijua afanye nini ili hesabu itimie. Roger Casement aliandika mambo hayo katika ripoti iliyotoka mwaka 1904, na picha za watu waliokatwa mikono zikaonyeshwa Ulaya na Marekani. Sasa, mkusanyaji anayeandika «11 mm, shaba nyekundu, hali nzuri» hajasema uongo. Ila karatasi yake ina mistari mitatu, na mstari wa nne, wa aliyepigwa, haumo.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mwaka 1884 Luteni Émile Storms, Mbelgiji, alikuwa na kituo chake Mpala, upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika. Alipigana na mkubwa mmoja wa Watabwa aliyeitwa Lusinga. Mwezi wa kumi na mbili watu wa Storms walimwua Lusinga na kumkata kichwa. Kichwa kikasafirishwa Ubelgiji pamoja na sanamu na vitu vingine vilivyotekwa, na nyumbani kwake Brussels Storms alipamba ukuta wa sebule kwa silaha na vitu vya Tanganyika. Alikufa mwaka 1918, na katika miaka ya 1930 mali hiyo ikaingia makumbusho ya Tervuren. Fuvu la Lusinga nalo likahamishiwa mwaka 1964 katika taasisi ya elimu ya viumbe ya Brussels. Sanamu ya Storms iliyokuwa Ixelles iliondolewa mwaka 2022.

Tunasimulia habari hiyo sababu inaonyesha kwamba kati ya mkuki wa ukutani na fuvu la sandukuni hakuna umbali mkubwa. Vilibebwa na msafara mmoja. Mgeni aliyekaribishwa chai katika sebule ile aliona mikuki mizuri, akasifu. Hakuonyeshwa sanduku.

Na sisi? Tusijipake mafuta. Mila zetu zina mambo ya kusikilizwa hapa, lakini si yote ya kujivunia. Kwa Kinyabwisha tunachosema nyumbani, neno ingabo ni ngao, na tena ni jeshi. Wazee waliita wapiganaji kwa jina la kitu kinachokinga, si kinachochoma, na hilo linapendeza. Mkuki ulikuwa alama ya mwenye nyumba, na hata sasa mzee akisimama kusema katika mkutano anashika fimbo, mkono wake haujui kukaa bure. Mkuki wa baba haukuuzwa. Ulikuwa na mtu wake.

Lakini jirani zetu wa Rwanda, ambao Bwisha imefungamana nao kwa historia, walikuwa na ngoma ya ufalme, Kalinga, iliyofungwa viungo vya wafalme walioshindwa. Huo nao ulikuwa mkusanyo, tusidanganyane. Na tofauti na sebule ya Storms, pale majina yalijulikana: watunzaji waliweza kusema kiungo hiki ni cha nani, wa nchi gani, alishindwa na mfalme yupi. Majina yalitunzwa kabisa, ila yalitunzwa ili yatukanwe. Hapo sisi wenyewe tulisimama kidogo tulipokuwa tukiandika, maana tulikuwa karibu kusema kwamba kuandika jina la marehemu kunatosha kukisafisha kitu. Hakutoshi. Inahitaji pia kuuliza nani amesimama mbele ya kitu hicho akisimulia, na nani amekaa akisikiliza. Kama mtoto wa aliyeshindwa hawezi kukaa katika chumba hicho bila kuinamisha kichwa, chumba hicho bado ni cha vita, hata kama vumbi limejaa.

Kwa njia hiyo tunapata kipimo chetu, na tunakitoa ili wasomaji wakipinge wakitaka. Bunduki imezeeka siku ile mtoto wa aliyeishika na mtoto wa aliyepigwa nayo wanaweza kukaa mbele yake, kila mmoja akasimulia habari ya kwao, na hakuna anayeangalia mlango. Miaka haihusiki. Inaweza kuchukua thelathini, inaweza kuchukua mia mbili.

Tukijaribie kipimo hicho kwa vita ya 14-18, maana ilipita hapahapa. Mpaka tunaouvuka kila siku uliandikwa Brussels tarehe 14 mwezi wa tano 1910 na Wabeleji, Waingereza na Wadachi, na juu ya Sabinyo nchi tatu zinakutana. Miaka minne baadaye mistari hiyo ilikuwa uwanja wa vita. Mwezi wa tisa 1914 Wadachi walichukua kisiwa cha Ijwi. Karibu miaka miwili pande mbili zikachungana kati ya volkano na ziwa Kivu. Kisha mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Tombeur yakaenda mbele: brigedi ya Koloneli Molitor ikapitia Kigezi na kuingia Kigali tarehe 6 mwezi wa tano, na tarehe 19 mwezi wa tisa Tabora ikaanguka. Moshi wa baruti nyeusi ulikuwa pande zote mbili, sababu askari wengi wa Wadachi nao walikuwa wameanza vita na Mauser za mwaka 1871. Waliopigana ni Waafrika kwa Waafrika, kwa bunduki ambazo wakubwa wao wa Ulaya wasingekubali kushika huko Flandre.

Leo mjukuu wa askari wa Force Publique na mjukuu wa askari wa Wadachi wakikutana mbele ya Albini, hatuoni ugomvi. Watacheka, watapimana urefu wa singe. Kwa kipimo chetu bunduki ile imezeeka na inaweza kuingia chumbani.

Ila kuna mtu wa tatu ambaye hana kitu cha kuleta: mpagazi. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba kwa askari kama 15 000 wa upande wa Congo walihitajika wapagazi wapata 260 000 katika vita ile. Walibeba risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, mchele, vitanda vya maofisa. Walikufa kwa kuhara, kwa baridi ya milima, kwa njaa, na kwa mizigo. Hakupewa bunduki, kwa hiyo hakuacha bunduki. Mkusanyaji wa silaha hawezi kumkuta hata akitafuta maisha yake yote. Kwa upande wa Waingereza angalau neno limebaki: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina yaliyotokana na kikosi cha wapagazi, na watu wananunua mchicha pale bila kujua. Dar es Salaam kuna pia ile sanamu ya askari ya mwaka 1927, na maneno yaliyoandikwa chini yake yanawataja wabeba mizigo. Lakini aliyesimama juu ni askari, na singe yake iko mbele. Nani angechonga mtu mwenye gunia kichwani?

Hapa ndipo tunapoona kosa la kuanza na chuma. Ukianza na chuma, unapata waliokuwa na chuma. Tervuren, katika jengo la makumbusho ya Afrika, kuna ukuta wenye majina 1 508 ya Wabeleji waliokufa Congo wakati wa Leopold. Mkongomani hata mmoja hakuandikwa. Makumbusho yalipofunguliwa upya mwezi wa kumi na mbili 2018, ukumbi ule ulikuwa na kazi ya Freddy Tsimba, mchongaji wa Kinshasa, inayoitwa «Ombres», yaani vivuli. Aliandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongomani waliofia Ubelgiji, ili jua likiwaka vivuli vya majina hayo vianguke juu ya ukuta wa wale wengine. Siku ya mawingu haionekani kitu. Na Tsimba huyohuyo ndiye anayejulikana kwa sanamu za watu alizounga kwa maganda ya risasi yaliyookotwa kwenye viwanja vya vita. Ni mkusanyaji kweli, lakini maganda yake hayakai sandukuni na karatasi ya kipimo. Yanakuwa mgongo wa mama, tumbo la mwenye mimba.

Wenzetu wengine wanapenda njia hiyo wakasema: basi tuyayeyushe yote, tuyafanye majembe. Wanataja Msumbiji, na wana haki ya kuitaja. Mwaka 1995 Baraza la Wakristo la huko, chini ya Askofu Dinis Sengulane, lilianza kazi ya kubadilisha silaha kwa majembe, baiskeli, vyerehani. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wakapewa vipande. Kiti kimoja kilichoundwa mwaka 2001 na msanii Kester kwa vipande vya bunduki kiko British Museum, London. Tunakipenda kiti kile. Lakini tuone vizuri: hata kile ni kumbukumbu, si jembe. Walioyeyusha hawakuyeyusha yote. Waliacha kitu cha kuonyesha kwamba kuliyeyushwa. Nchi isiyobakiza hata kipande kimoja, mtoto wake ataamini vipi kwamba vita haikuwa hadithi ya sinema? Maana sinema zinaonyesha bunduki inayong'aa. Bunduki iliyooza, kitako kimeliwa na mchwa, mtutu umejaa udongo, inafundisha kitu ambacho sinema haitakubali kufundisha.

Kwa hiyo hatuko pamoja na wanaotaka kuyeyusha yote. Wala hatuko pamoja na yule anayetaka kupanga bunduki ukutani ili wageni waone kwamba babu zetu walikuwa wanaume. Babu zetu wengi walibeba mizigo.

Na bunduki za miaka yetu? Za 1993, za 1996, za 2008, za 2012, za 2022? Kwa kipimo tulichotoa, hapana. Hakuna hata moja iliyozeeka. Mtu angeleta katika chumba chetu kofia ya chuma au mkanda wa kundi fulani, kesho yake mwingine angeuliza kwa nini cha kundi lile na si cha lile lingine, na chumba kingefungwa, kama si kuchomwa. Wengine watasema: mkingoja, ushahidi utapotea. Tunajibu kwamba chuma kinaweza kungoja. Kimengoja ardhini toka 1916 na jembe linakikuta. Asiyeweza kungoja ni mzee mwenye kumbukumbu, na yeye ndiye tunayemwacha akifa tukiwa tunabishana juu ya singe.

Kuna mambo ya mikono pia, tuyaseme haraka maana ni ya lazima. Sheria ya nchi juu ya silaha na risasi, ile ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985, inadai ruhusa kwa mwenye kumiliki silaha, na Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 mwezi wa nne 2004, ambayo nchi yetu iliitia sahihi, inataka silaha ndogondogo zidhibitiwe na za ziada ziharibiwe. Chama cha mila hakina kibali cha kucheza na hayo. Kitu kisichoweza kufanywa kipofu, yaani mtutu kuzibwa na mtambo kuondolewa mbele ya wenye mamlaka, kisiingie. Tena chama kisinunue kamwe, hata kwa bei ya sabuni. Ukinunua bunduki moja ya kale umefungua soko, na kijana atakwenda kukutengenezea «ya kale» kwa kuipaka tope, au atakuletea ile ambayo mwenyewe alikuwa bado anaitumia. Na juu ya vile vinavyolipuka hakuna majadiliano: katika Rutshuru watoto wamekufa kwa vitu walivyookota shambani wakidhani ni chuma cha kuuza. Mwanafunzi akija darasani na kitu cha namna hiyo mkononi, mwalimu haanzi somo la historia. Anatoa watoto inje, kitu kile hakiguswi tena, na wanaojua kazi hiyo wanaitwa.

Bado kuna swali ambalo hatujalimaliza, la mhunzi. Yule anayetengeneza magobori kwa bomba ana ufundi uliotoka kwa baba yake, aliyeupata kwa babu yake. Tunawaandika wafua majembe na wafua mikuki kama watu wa mila, tunawapiga picha. Huyu tunamwita mhalifu, na kwa sheria ni kweli. Lakini jiko ni lilelile, mifuo ni ileile, na jembe alilotuuzia mwaka jana ni la mikono ileile. Wengine katika chama wanasema tuandike ufundi bila kuandika kifaa. Hatujui namna ya kuandika ufundi wa mtu huku tukiwa tumeziba macho kwa nusu ya kazi yake, na wala hatutaki kuandika maelezo ambayo kijana atayafuata kama mapishi. Wenye shauri walilete.

Kwa sasa tunapendekeza tuanze na daftari. Si na chumba, si na dari za watu. Familia yenye medali ya vita ya 14-18, au ya vita ya 1940-45 ambamo askari wetu walifika Abisinia na kushinda Saïo tarehe 3 mwezi wa saba 1941 (kambi ya Bukavu ina jina hilo mpaka wajukuu wanadhani ni jina la mlima), familia hiyo ibaki na medali yake. Sisi tuje na kalamu. Tuandike kwanza jina la aliyekwenda, kijiji chake, alikwenda kwa hiari au alifungwa kamba. Kisha nani alimbebea mzigo, kama yuko anayekumbuka. Kisha nani alibaki kulima shamba lake. Alirudi na nini, alikuwa akilala vipi usiku, aliwahi kusema amemwua mtu au alikataa kuulizwa. Chuma kitakuja mwishoni mwa ukurasa, kama kipo: urefu, alama, hali. Na pale ambapo hakuna tena anayejua jina la mpagazi, tusiruke mstari ule. Tuandike «mpagazi», na nafasi iachwe, sababu mara nyingi ni bibi mmoja wa kijiji cha pili, aliyeolewa mbali, ndiye analijua.

Kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Inataka watu wawili wanaosikia vizuri Kinyabwisha cha wazee, na ianze kabla ya masika.